Ya Kaunta na ya Mezani

Ukitoka Strasbourg kwa treni kuelekea kusini, milima ya Vosges inakuwa kuliani kwako njia nzima. Kushoto, ng'ambo ya Mto Rhine, siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Schwarzwald upande wa Ujerumani, nayo imesimama vilevile. Zamani sana safu hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita ardhi ilivutwa huku na huku, ikapasuka, sehemu ya katikati ikadidimia, na mto ukapata pa kupita. Ni bonde la ufa kama letu, ila dogo. Mambo ya nyufa ndiyo yaliyonipeleka huko mwaka 2006, mimi mtoto wa Dodoma niliyekuwa nasomea jiolojia. Mvinyo ulikuja kwa mlango wa nyuma.

Wakati ule Strasbourg ilikuwa bado na vyuo vikuu vitatu. Viliunganishwa kuwa kimoja mwaka 2009. Mimi nilikuwa chuo cha Louis Pasteur, na bweni letu lilikuwa na jiko moja kwa ghorofa nzima. Hapo jikoni ndipo nilipofahamiana na kijana wa Unguja aliyekuwa akisomea famasia kule Illkirch. Jioni moja alikuwa anachemsha maji ya wali huku akisaga hiliki kwa kitako cha glasi, nikamsalimia kwa Kiswahili, naye akageuka kana kwamba ameitwa na mama yake. Tangu siku hiyo mimi nikawa "kaka" na yeye akawa "sheikh", na sufuria zikawa za shirika.

Sheikh wangu hakunywa pombe wala hakufanya hilo kuwa mjadala. Lakini alikuwa na pua. Aliweza kusimama kwenye ngazi akakuambia chumba cha tatu wanakaanga kitunguu kwa siagi na cha tano wanatumia mafuta ya alizeti. Alikulia nyumba ya karafuu, udi na marashi, akaongezea juu yake maabara ya dawa. Profesa wetu alipotangaza safari ya kwenda kuangalia miamba ya mji wa Ribeauvillé, na kwamba baada ya miamba tutaonja mvinyo uliotoka juu yake, basi dogo la idara likabaki na kiti kimoja. Nikamwombea. "Mimi nitanusa tu," akasema. Profesa akajibu kwamba hata kuonja kwenyewe sehemu kubwa ni kunusa.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Mavuno yalikuwa yamekwisha, tena kwa haraka, maana mvua za Septemba na za mwanzo wa Oktoba mwaka ule ziliozesha zabibu nyingi na watu wakakimbilia kuvuna kile kilichokuwa bado kizima. Majani ya mizabibu yalikuwa yamegeuka manjano mlima mzima. Nilizoea mizabibu tangu utotoni. Kwetu iko Hombolo, Mpunguzi, Bihawana, Makutupora. Kilichonishangaza ni mteremko. Dodoma mizabibu inalimwa tambarare, mtu anatembea katikati ya mistari kama anakwenda sokoni. Hapa ilipandwa kwenye vilima vilivyoinama kiasi cha mvunaji kuhitaji goti moja juu na moja chini, ili kila shina lipate jua la kusini na la asubuhi bila kufunikwa na jirani yake.

Jambo la pili lililonishangaza ni mvua. Milima ya Vosges inayazuia mawingu yanayotoka Atlantiki, yanamwaga maji upande wa magharibi, na bonde linabaki kavu. Mji wa Colmar, kilomita chache kusini mwa Ribeauvillé, hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka. Ni karibu sawa na Dodoma. Tofauti ni kwamba ya kwetu huja kwa pupa kati ya Desemba na Aprili kisha mbingu zinafungwa, na ya kwao hugawanywa mwaka mzima, halafu majira ya baridi hulaza mizabibu. Ndiyo maana wao huvuna mara moja kwa mwaka na sisi tunaweza kuvuna mara mbili.

Profesa alitupandisha kilimani, akachora ramani chini kwa fimbo. Wanajiolojia hupaita pale uwanja wa nyufa wa Ribeauvillé. Wakati bonde linadidimia, ukingo wa milima haukukatika kwa mstari mmoja. Ulivunjika vipande vipande, kila kipande kikateleza kivyake. Matokeo yake, ukitembea mita mia chache unakanyaga mawe ya chokaa, kisha udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, kisha mawe ya mchanga. Mbele kidogo, kule Kaysersberg, kilima cha Schlossberg ni graniti kama majabali ya kwetu. Kusini kabisa, Thann, kuna Rangen, ambako mizabibu imeng'ang'ania miamba ya volkano. Sheria ya Ufaransa ilianza mwaka 1975 kuyapa mashamba bora ya Alsace, jimbo tulilokuwamo, daraja la grand cru, Schlossberg ikiwa ya kwanza, na leo yako 51.

Hapo profesa akatuonya. Watu wa mvinyo wakionja ule wa zabibu ya Riesling hupenda kusema wanasikia ladha ya jiwe. Yeye alisema mzizi haunyonyi chokaa ukaileta kwenye glasi. Unachonyonya ni maji yenye chumvichumvi kidogo zilizoyeyuka, na kiasi chake kwenye mvinyo ni kidogo mno ulimi kukitambua kama jiwe. Mwamba unafanya kazi kwa njia nyingine: unaamua maji yakae au yapite, udongo uwahi kupata joto au uchelewe, shina lipate shida kiasi gani. Shina likipata shida ya kadiri linazaa zabibu chache, ndogo, zenye utomvu uliokolea. "Basi mkionja," akasema, "msitafute jiwe. Tafuteni maji na jua." Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na sijapata maelezo yanayonitosha zaidi ya hayo.

Tulitembea kwa miguu hadi Hunawihr, kijiji cha jirani ambacho kanisa lake limezungushiwa ukuta wa ngome katikati ya mashamba. Juu yake kuna kilima cha Rosacker, na ndani ya Rosacker kuna kipande cha hekta 1.67 kinachoitwa Clos Sainte Hune. Ni kidogo kuliko shamba la mzee wangu. Familia ya Trimbach inakimiliki, na Riesling inayotoka hapo inatajwa na wengi kuwa miongoni mwa mvinyo mweupe mkavu bora kuliko wote duniani. Niliokota kijiwe cha chokaa nikakigeuzageuza. Kilikuwa kijiwe cha chokaa.

Mvinyo wa kipande hicho hatukuuonja. Bei yake ilitosha kumlisha mwanafunzi kwa wiki kadhaa, na chupa zake ni chache kiasi kwamba hazifunguliwi kwa ajili ya basi la wanafunzi. Tulikwenda kuonja nyingine za nyumba hiyohiyo, pale Ribeauvillé kwenye barabara ya kuelekea Bergheim. Familia hiyo inahesabu historia yake ya mvinyo tangu mwaka 1626, yaani tangu kabla Alsace haijawa ya Ufaransa. Nchi hiyo baadaye ikachukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa mwaka 1918, ikachukuliwa tena mwaka 1940, ikarudi tena vita vilipokwisha. Ndiyo maana majina mengi ya vilima na ya zabibu ni ya Kijerumani na sheria ni ya Kifaransa.

Kila nyumba Alsace ina msimamo wake. Ziko zinazoacha sukari kidogo ndani ya mvinyo ili uwe mnene na laini. Trimbach wanajulikana kwa kinyume chake: hamira inaachwa ile sukari mpaka iishe, uchachu wa zabibu unalindwa, ule uchachushaji wa pili unaogeuza asidi kali kuwa laini unazuiwa, na hakuna pipa jipya la mbao la kuongeza harufu ya vanila. Wakimaliza wanautia kwenye chupa mapema, kisha ule mkubwa wanaulaza miaka kabla ya kuuuza. Wakati ule hata neno grand cru hawakuliandika kwenye lebo zao. Jina la nyumba liliwatosha.

Chumba cha kuonjea hakikuwa na makuu: kaunta ya mbao, glasi zilizopangwa, ndoo ndogo ya kutemea, mkate uliokatwa. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyetuhudumia. Na sisi aliongea Kifaransa. Wazee waliopita mlangoni aliwajibu kwa Kialsace. Sheikh wangu alipomweleza kwamba yeye atanusa tu, hakuuliza kwa nini. Alimwekea glasi yake kama ya wengine, akammiminia kama wengine.

Utaratibu wa kuonja ni mkavu kabla ya mtamu na mwepesi kabla ya mzito, la sivyo wa kwanza unamfunika wa pili. Ilianza Pinot Blanc: tufaha, maji ya baridi, ukapita. Ikafuata Riesling ya kawaida, yenye lebo ya manjano, ambayo ndiyo nyumba inauza kwa wingi. Ilinibana taya. Ilikuwa na harufu ya ganda la limau lililokwaruzwa, na mdomoni uchachu ulisimama mbele kabisa, umenyooka, bila tone la sukari la kuuzungushia. Nilimwona mwenzangu mmoja Mfaransa akifumba jicho. Baada yake ikaja ile ya Réserve, ndugu yake mwenye mwili zaidi, aliyekaa mdomoni kidogo zaidi baada ya kutema.

Kisha mama yule akafungua Cuvée Frédéric Emile ya mwaka 2000. Jina ni la mzee wa familia aliyeiongoza nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na zabibu zinatoka Geisberg na Osterberg, vilima viwili vilivyoegemea mgongo wa nyumba yenyewe. Ilikuwa imekwisha kukaa miaka sita. Sheikh aliitikisa glasi, akaingiza pua, akaitoa, akaiingiza tena. Akanigeukia.

"Kaka, mbona kama koroboi?"

Nikanusa. Alikuwa sahihi. Nyuma ya limau, ambalo sasa lilikuwa limeiva na kuwa kama la kuchovya kwenye asali, palikuwa na mafuta ya taa. Si mengi, kama yale yanayobaki kidoleni ukishapunguza utambi. Nilimfasiria mama yule, nikidhani ataudhika. Alicheka akamtazama Sheikh kwa heshima mpya, akasema wageni wengi huanza na kusifia maua.

Sheikh hakuridhika mpaka aliposoma juu ya jambo hilo maktabani Illkirch. Harufu ile ina kemikali yake, inaandikwa kwa kifupi TDN. Riesling huwa nayo kuliko zabibu nyingine. Mwanzo wake ni zile rangi za manjano zilizo kwenye ganda, za jamii moja na rangi ya karoti. Jua likilipiga ganda zinavunjika, na vipande vyake vinaendelea kubadilika polepole ndani ya chupa, uchachu ukivisukuma. Kwa hiyo mvinyo mchanga hauna koroboi, na wa zamani unayo. Kwa kiasi kidogo ni sifa, ikizidi inaharibu.

Profesa aliomba glasi ya Riesling ya kawaida imiminwe upya iwekwe kando ya Frédéric Emile. Familia moja, zabibu aina moja, ghala moja, namna moja ya kutengeneza. Tuliinamisha glasi zote mbili juu ya karatasi nyeupe. Changa ilikuwa karibu haina rangi, na pembeni ilivutia kijani. Ya pili ilikuwa dhahabu iliyopauka. Kwa changa, uchachu uliuma kwenye ncha ya ulimi ukaishia hapo. Kwa ile nyingine, uchachu ulikuwa wa kiwango kisichopungua, lakini ulisambaa, ukashuka pande zote mbili za ulimi, na ulikuwapo bado nilipokwisha kutafuna kipande cha mkate. Kilichoitenganisha ya pili na ya kwanza kilikuwa kilima na muda. Sijawahi kupata somo la jiolojia lililoeleweka upesi hivyo.

Tulipita kwenye Pinot Gris. Mwaka ule zabibu hiyo ilikuwa inafunga ukurasa: kwa karne nyingi watu wa Alsace waliiita Tokay, na baadhi ya chupa kwenye maduka ya Strasbourg zilikuwa bado zina jina hilo, lakini Wahungaria, wenye mji wa Tokaj na mvinyo wao, walikuwa wameshinda, na kuanzia 2007 jina hilo likapigwa marufuku Alsace. Kwenye glasi ilikuwa nzito, yenye moshi kidogo na matunda yaliyokaushwa.

Mwisho ikaja Gewurztraminer, ile wanayoiita Seigneurs de Ribeaupierre. Ganda la zabibu yake lina wekundu wa waridi hata kama mvinyo ni mweupe. Kabla glasi haijafika puani chumba kilikuwa kimebadilika. Waridi, tangawizi, na tunda la shokishoki lililomenywa sasa hivi. Mdomoni ilikuwa nene, ya joto, uchachu hauonekani. Sheikh aliifumbia macho. "Hii," akasema, "kwetu ingetiwa kwenye mrashi wakanyunyiziwa wageni wa harusi."

Profesa alitugawia vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jina la aliyoipenda kuliko zote. Vilipofunguliwa juu ya kaunta, Gewurztraminer ilikuwa imeshinda kwa mbali. Frédéric Emile ilipata wachache, Riesling ya kawaida haikupata hata mmoja. Profesa alivikunja akavitia mfukoni, akasema tukale.

Mgahawa ulikuwa ndani ya mji, wenye dari fupi na meza za mbao nene. Mimi niliagiza choucroute, ile kabichi iliyovundikwa kwa chumvi mpaka ikachachuka, inayoletwa na nyama ya nguruwe ya namna kadhaa na viazi. Sheikh aliagiza samaki wa mtoni aliyekaangwa kwa siagi, baada ya kumhoji mhudumu kwa makini ni nini kilichopita kwenye kikaango. Profesa akaagiza chupa za nyumba tuliyotoka: za Riesling ya kawaida, ile iliyokosa kura, na za Gewurztraminer iliyoshinda. Akaziweka katikati ya meza idadi sawa kwa sawa, akaanza kuzungumzia mambo mengine kabisa.

Kila mtu alijimiminia kwanza Gewurztraminer. Nakumbuka tonge la kabichi na nyama yenye mafuta, kisha funda la waridi juu yake. Havikusikilizana. Kabichi ilizidi kuwa kali, waridi likawa sabuni. Mkono ukaenda kwenye chupa nyingine. Ule uchachu ulionibana taya pale kaunta sasa ulipita juu ya mafuta ukayaondoa, ukaacha mdomo safi unaotaka tonge lingine, na tonge likataka funda. Hakuna aliyetangaza lolote. Lakini sahani zilipoondolewa, chupa za Riesling zilikuwa zinaegemezwa kuona kama kuna kilichobaki, na za Gewurztraminer hazikuwa zimefika hata nusu. Hapo profesa akatoa vile vikaratasi mfukoni akavimwaga mezani, bila neno.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi, Riesling ingekuwa mshindi na Gewurztraminer ingekuwa ya kudanganyia wageni. Lakini ililetwa jibini ya munster, inayotoka kwenye milima ileile ya Vosges, laini, ya rangi ya chungwa, yenye harufu iliyomfanya Sheikh asogeze kiti nyuma. Kando yake walileta kisahani cha bizari nyembamba ya kunyunyizia. Riesling ilipokutana nayo ikawa nyembamba, chungu, kama imefukuzwa. Gewurztraminer ikaikumbatia. Chumvi ya jibini ilikutana na unene wake, bizari ikakutana na tangawizi yake, na kile kilichokuwa marashi kikawa kiungo. Chupa zilizosusiwa zikaisha.

Sheikh, aliyekuwa amefuatilia yote hayo kwa glasi ya maji, alitoa hukumu yake tukiwa tunarudi kwenye basi: ile ya marashi walitakiwa wailetee pilau.

Nimerudi Dodoma zamani. Agosti nikienda viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, husimama karibu na mabanda ya watengenezaji wa mvinyo. Watu wanapokea kidogo kwenye vikombe vya plastiki, jua kali, tumbo tupu, wanaonja mmoja baada ya mwingine wakiwa wamesimama, na mara nyingi wanaondoka na mtamu. Mtengenezaji anaona, anarudi nyumbani kutengeneza mtamu zaidi. Ule mkavu wa Chenin Blanc, ambao kwa jasho la wakulima wetu unaweza kutoka mzuri kweli, unabaki kwenye rafu na sifa ya kwamba ni mchachu. Siwalaumu wanunuzi. Pale kaunta, kwenye funda moja, mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Ribeauvillé, na sisi tulikuwa na profesa.

Ndugu na majirani huniuliza upi bora, kwa kuwa wanajua nilisomea Ufaransa na wanadhani nilisomea hilo. Nimeacha kujibu kwa jina la chupa. Nauliza kwanza kumepikwa nini. Kama ni samaki wa Mtera aliyekaangwa akakamuliwa ndimu, nafungua mkavu na simwombi mtu ausifu kabla hajala. Kama ni pilau, yenye hiliki na mdalasini na bizari, naomba kitu chenye harufu na utamu kidogo. Kisha naweka chupa zote mbili mezani, naongea mambo ya mvua na bei ya zabibu, na mwisho wa chakula natazama ipi imekwisha.